Pioni ya 50 Haiguswi

Niseme mapema tusipotezeane muda: ile 50-45 ya Jumapili pale mtaani Kamalondo ni hatua mbaya kuliko zote nilizoziona mwaka huu kwenye ubao wa dama wa visanduku mia, na aliyeicheza si mtoto. Ni fundi tunayemjua wote, mtu wa mitego kwa sifa na kwa majigambo, mzee ambaye watu wa Katuba huacha shughuli zao kuja kumtazama. Mliokuwepo mlipiga kelele, mkarudi nyumbani mkisema kijana aliyecheza naye kabahatika. Kijana hakubahatika. Alipewa.

Tuupange ubao upya, maana nimesikia watu wanaosimulia mchezo huu na pioni wanazozibuni wenyewe. Nyeupe, yaani vifuniko vya bia ya Simba, walibaki kwenye 38, 40, 44 na 50. Nyeusi, vifuniko vya bia ya Tembo, walikuwa 9, 18, 24 na 28. Nne kwa nne, zamu ya Nyeupe.

Mtego uliokuwa umetegwa hapo ulikuwa mzuri, na sitamnyima mzee haki yake. Nyeusi akisogea 24-30, Nyeupe anajibu 40-34. Pioni ya 30 haina hiari; inaila 34 na kutua 39. Hapo 44 ndiyo inaamka. Inakula 39 na kutua 33, inakula 28 na kutua 22, inakula 18 na kutua 13, inakula 9 na kutua 4, na imekuwa dama. Ametoa moja, amekula nne, na Nyeusi hana hata kifuniko kimoja cha kusogeza. Hatua ya 24-30, ukiitazama kwa macho ya kawaida, haina ubaya wowote. Pioni inashuka pembeni kuelekea dama, mbele yake kuna 40 peke yake. Wengi wetu tungeicheza.

Sasa tuulize nani anaushika mtego huo. 40 ni chambo. 44 ndiyo inayopiga. Na 50? Imekaa mstari wa mwisho, haili, hailiwi, na mtazamaji wa kupita njia atasema imesahauliwa. Kazi yake ni moja tu: kuziba kisanduku kilicho nyuma ya 44, ili pioni nyeusi ikitua 39 isipate pa kuruka tena. Ukiiondoa, hesabu inageuka yote. Pioni nyeusi inaila 34, inatua 39, na kwa kuwa sheria inamlazimisha mtu kula nyingi iwezekanavyo, inaendelea kuila 44 na kutua 50, palepale palipoachwa wazi. Dama. Mtego uleule, hatua zilezile, aliyenaswa ni mwenye mtego.

Na ndivyo ilivyokuwa. Mzee alikaa muda mrefu, mkono ukielea juu ya ubao, akagusa 38, akaiacha. Akashika kile kifuniko kilichopinda cha 50 na kukisukuma hadi 45 kwa kidole kimoja, kama mtu anayepitisha wakati. Kijana hakuchelewa: 24-30. Mzee naye hakuchelewa, na hilo ndilo linaloniuma. Aliigonga 34 kwa nguvu mpaka vifuniko vya jirani vikaruka, akaanza kunyoosha mkono kuelekea 44 kabla kijana hajamaliza kula. Kijana alikula mbili, akatua 50, akaomba kifuniko cha kuwekea dama. Wakabaki wawili wa Simba, 38 na 45, mbele ya dama moja na pioni tatu. Hakukuwa na haja ya kuendelea, na hawakuendelea.

Kwa nini mtu wa uzoefu ule aiguse 50? Kwa sababu alikuwa ameishiwa. Mtego huu unazifunga pioni tatu: 40, 44 na 50 hazina ruhusa ya kusogea mpaka Nyeusi aingie. Inabaki 38 peke yake ya kungojea. Ikienda 32, inaliwa na 28 inayotua 37, na hakuna wa kulipiza. Ikienda 33, Nyeusi analazimika kula 28x39, Nyeupe analipiza 44x33, moja kwa moja, wanabaki tatu kwa tatu na ubao uko wazi. Hiyo 38-33 ilikuwa hatua nzuri. Ilikuwapo pia 44-39, ambayo inavunja mtego lakini inafunga katikati vizuri sana: Nyeusi akijaribu kujipenyeza 28-33, sheria ya wingi inamlazimisha Nyeupe kula kwa 38, anazoa 33 na 24 na kutua 20, kwa furaha yake mwenyewe. Kwa hiyo hatua za heshima zilikuwapo mbili. Zote mbili zilikuwa na kosa moja machoni pa mzee: zilimtaka auage mtego wake.

Hakutaka kuuaga. Akatafuta hatua ambayo ingeuacha mtego uonekane kama ulivyokuwa, chambo mahali pake, mpigaji mahali pake, na akaipata ile ambayo haionekani. Mimi huko sikuiti kuteleza. Kuteleza ni kutoona. Huyu aliona kila kitu isipokuwa pioni moja, na pioni hiyo hakuiona kwa sababu alikuwa anaupenda mtego kuliko mchezo.

Tena si kwamba mchezo wote aliucheza vibaya: ufunguzi wake ulikuwa safi na ule mbadilishano wa katikati, mbili kwa mbili, alihesabu vizuri.

Nimekuwa nikililalamikia jambo hili kabla ya Jumapili na wengine mmenichoka. Siku hizi ukikaa kwenye benchi lolote la mitaa yetu, iwe mtaa wa Kenya, Katuba au Ruashi, kijana anajitambulisha kabla hajapanga pioni: mimi ni mtu wa mitego. Kajifunza majina. Anajua pigo la Mturuki, pigo la kifalme, pigo la Philippe, pigo la Napoleon. Muulize pigo la Mturuki linafanya kazi kwa sheria gani, anakodoa. Linafanya kazi kwa sababu pioni zilizoliwa haziondolewi ubaoni mpaka ulaji wote uishe, na dama hairuhusiwi kuruka pioni moja mara mbili. Kwa hiyo mizoga ileile inageuka ukuta, dama inasimama katikati ya karamu yake na kuliwa. Ni sheria kavu kabisa. Ukiielewa sheria unaweza kulibuni pigo lako mwenyewe kila wiki. Ukilijua jina tu, unangojea ubao uje ufanane na picha uliyoikariri, na ubao hauji.

Vijana waliosoma Ulaya wananieleza kuhusu ule mchezo wa mezani wa Wamarekani, Dungeons & Dragons, uliotoka mwaka 1974. Humo mtu anajitengenezea mhusika. Mwaka 1975 waliongeza mwizi, na kitabu kilimwekea asilimia zake za kufungua kufuli na kutegua mitego; kadiri anavyokua, ndivyo asilimia zinavyopanda. Huko unaweza kweli kuwa mtu wa mitego. Imeandikwa kwenye karatasi yako, na mwenzako ana upanga, mwingine ana uchawi, mnakamilishana. Sina ugomvi na mchezo huo. Lakini kwenye dama una pioni 20, zote za uwezo mmoja, na hakuna mwenzako wa kukufichia udhaifu. Hakuna pioni ya mitego. Kuna pioni iliyokaa 50 na pioni iliyokaa 45, basi, na kisanduku kimoja kati ya hizo mbili kilitosha kumtoa mtu Kamalondo kabla ya jua kuzama.

Anayetaka kujijenga kuwa mtegaji aanze na kitu kisichopendeza kabisa: kuhesabu hatua za kungoja. Mtego wowote ni deni la muda. Ukishautega, pioni zinazoushika zimefungwa, na kila zamu inayopita bila mpinzani kuingia inakulazimu kulipa kwa pioni nyingine. Kabla ya kutega, unahesabu: nina hatua ngapi za bure, yeye anazo ngapi? Jumapili mzee alikuwa na pioni moja huru, ile 38, na haikuwa na hatua hata moja ya bure. Kijana alikuwa na 9 na 18 za kuchezea huko nyuma bila kuharibu chochote chake. Maana yake mtego ulikuwa umekufa kabla ya 50-45. Ulikuwa unapumua tu kwa sababu kijana hakuwa ametakiwa kusogea. Ukimwona mtegaji ana pioni moja huru na mpinzani ana mbili, usibishane na mtu, weka dau kwa mpinzani.

Hesabu hii haikuletwa na simu. Mwanzoni mwa karne ya 20 kulikuwa na Msenegali aliyeitwa Woldouby, aliyefika Paris na kuwashangaza wacheza dama wa huko, na mpaka leo kuna mkao unaoitwa kwa jina lake vitabuni. Katika mkao wa Woldouby pioni zimeshikana katikati, hakuna anayeweza kumla mwenzake, na kinachoamua ni nani ataishiwa hatua kwanza. Hakuna chambo cha kumlaghai mjinga. Mpinzani anaona kila kitu, anahesabu pamoja nawe, na bado ananaswa kwa sababu zamu ni yake na hana pa kwenda. Huo ndio mtego ninaouheshimu. Usiohitaji mwenzako awe kipofu.

Na nikitaja Senegal siwezi kumpita Baba Sy. Najua mtasema mzee huyu kaanza tena. Nimeanza tena. Baba Sy alitoka Dakar mwaka 1959 na mwaka uliofuata tayari alikuwa wa pili wa dunia kule Uholanzi, nyuma ya Shchegolev wa Umoja wa Kisovieti. Alikuwa na mapigo kuliko hawa wote wanaojiita watu wa mitego, lakini fuata michezo yake hatua kwa hatua utaona kwamba pioni zake za nyuma zilikuwa zimelala mahali pake muda mrefu kabla ya pigo. Pigo lilitoka kwenye mkao mzuri. Mpinzani akilikwepa, Baba Sy hakupoteza kitu; alibaki na mkao mzuri. Huo ndio mtihani wangu kwa mtego wowote: usipoingiwa, umebaki na nini? Mzee wetu alibaki na 38 isiyo na pa kwenda.

Ubingwa wa Baba Sy nao ni donda langu la kudumu. Mwaka 1963 alistahili taji, mechi yake na Iser Kuperman haikuchezwa, na shirikisho la dunia, lile FMJD lililoanzishwa mwaka 1947, likaja kumtambua kuwa bingwa wa 1963 ilipofika mwaka 1986. Baba Sy alikuwa amekwisha kufa kwa ajali ya gari mwaka 1978. Miaka 8 kaburini, ndipo wanampelekea taji. Halafu kijana ananiuliza kwa nini siwaamini watu wa ofisi.

Huku kwetu tuliwahi kuwa na wazee wa reli na wazee wa kampuni ya migodi ya Gécamines waliocheza baada ya zamu, nguo za kazi zikiwa bado mwilini. Wale hawakuwa na majina ya mapigo. Walikuwa na msemo mmoja wa kuudhi, "acha za nyuma zilale", na walimrudia mtu nao mpaka alie. Mstari wa mwisho kwao ulikuwa wa kuguswa mwishoni kabisa, na 48 na 50 walizihesabu kama mali ya familia. Nilidhani ni uvivu. Leo nikitazama vijana wanavyoupeleka mstari wa nyuma mbele kabla mchezo haujachangamka ili wapate mapigo ya haraka, natamani mmoja wao arudi akae benchini nusu saa tu.

Kuna na hili la kupuliza, yaani kuiondoa ubaoni pioni iliyoacha kula, na nitalisema kwa ufupi kwa sababu linanipandisha damu. Baada ya mchezo alijitokeza mtu akidai mzee angemwachia kijana asile, kisha ampulizie pioni yake. Hakuna kupuliza. Sheria za dama ya visanduku mia hazina kupuliza: asiyekula anarudishwa ale, na anakula nyingi kuliko zote zinazowezekana. Mtego wenyewe unasimama juu ya sheria hiyo. Ukiruhusu mtu achague kupulizwa, hakuna pigo hata moja duniani litakalofanya kazi, maana yeye atatoa pioni moja na kuendelea na safari. Wanaopuliza waende wakapulize makaa.

Wale ndugu zetu wanaovuka mpaka wa Kasumbalesa na drafti lao la visanduku 64 na pioni 12 nao wana mchango wao kwenye uharibifu huu. Wanacheza vizuri kwao, sikatai. Wakikaa kwetu wanasahau kwamba hapa pioni inakula mbele na nyuma, na vijana wanaocheza nao kila siku wameanza kusahau vilevile. Ndiyo maana benchi zima, watu wasiopungua kumi na wawili, walikubaliana Jumapili kwamba baada ya 24-30 mzee alikuwa amekwisha hata kama asingepiga. Si kweli, na hapa ndipo kosa la pili linapojitokeza, lile ambalo hakuna aliyelizungumza.

Turudi pale. Nyeupe 38, 40, 44, 45. Nyeusi 9, 18, 28 na ile iliyofika 30. Zamu ya Nyeupe, na 50 iko wazi. Mzee alitakiwa ainue macho. Hatua ya kijana ilikuwa ya haraka mno kwa mtu anayeingia mtegoni. Mpinzani akikuletea unachokitaka bila kusita, unarudi kuhesabu kuanzia mwanzo. Angehesabu angeona kisanduku kitupu nyuma ya 44, na angecheza 40-35. Sasa 30 inatishiwa kuliwa kwa kutua 24, na Nyeusi hana wa kuziba 24. Njia yake ya wazi ni kukimbia 30-34. Nyeupe anajibu 44-40, akitishia 34 kwa kutua 29. Pioni nyeusi inakimbia tena, 34-39, na watazamaji wote wanaona dama inakuja: visanduku viwili tu mbele, mstari wa mwisho wa Nyeupe mtupu.

Ikishuka 43, pioni ya 38 inaila kwa nyuma na kutua 49. Ikishuka 44, pioni ya 40 inaila kwa nyuma na kutua 49 hiyohiyo. Imesimama 39, hatua mbili kutoka kwenye dama, na haiwezi kuzimaliza. Nyeupe naye, akitaka kuiondoa hapo, anaweza kulisha 40-34, ikala 39x30, akalipiza 35x24. Tatu kwa tatu, na kazi inaanza upya. Sisemi angeshinda. Nasema angekuwa bado anacheza.

Nilimwonyesha kijana mstari huo tukiwa tunakusanya vifuniko. Aliufuata kwa kidole, akakubali 40-35 alikuwa ameiona na ilimtia wasiwasi kidogo, ila 44-40 hakuiona kabisa. Yeye alikuwa amekwisha kujihesabia dama ya 49. Akasema angejibu 28-33 badala ya kukimbia 39, abadilishane ovyo na kuona kitakachotokea. Inawezekana. Nimeiweka ubaoni nyumbani, bado naitazama, na kwa sasa nampa Nyeupe nafasi nzuri kidogo akila kwa 38 badala ya 40, ingawa ile pioni ya 34 inamlipiza papo hapo. Mwenye jibu bora zaidi aje nalo Jumapili, lakini aje na namba, asije na majina ya mapigo.